Chupa za Zamani Jalalani: Mmeuliza, Tunajibu

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu ya chupa ya soda ya kizamani, ile yenye gololi shingoni, iliyochimbuliwa kwenye jalala la kale huko Uingereza, na chini yake mistari minne ya maelezo. Tukadhani imepita hiyo. Weee! Meseji zimeingia mfululizo, kuna wenye chupa kabatini kwa bibi, kuna waliookota shambani wakilima, kuna wa Leicester na New York wanaotaka kwenda kuchimba wenyewe, na kuna wa bei, hao ndio wengi kuliko wote na tumewaweka mwisho makusudi ili msome na mengine. Majina tumeyaficha kama kawaida yetu.

SWALI (Chumbageni, Tanga): Shikamoo mhariri. Hiyo chupa ya gololi tumebishana kijiweni mpaka kahawa ikaisha. Mimi nasema gololi iliingizwa baadaye, wenzangu wanasema kioo kilipulizwa kikaizunguka. Nani yuko sahihi, na kwanza ilikuwa ya kazi gani?

JIBU: Marahaba. Wewe ndiye uko karibu zaidi, ila "baadaye" yako isiwe baada ya chupa kwisha. Chupa ilitengenezwa mdomo ukiwa bado mpana, gololi ikatumbukizwa, ndipo mdomo ukapashwa moto ukabanwa na kumaliziwa, kwa hiyo haitoki tena mpaka uvunje. Aliyebuni ni Mwingereza Hiram Codd, mwanzoni mwa miaka ya 1870.

Shida ilikuwa gesi. Soda inasukuma kizibo, na hivi vifuniko vya bati tunavyobandua kwa opena havikuwepo, vilikuja na William Painter wa Baltimore, Marekani, mwaka 1892. Kabla ya hapo watu waliziba kwa kizibo cha gome kama kile cha mvinyo, na kizibo kikikauka kinasinyaa, gesi inavuja, soda inakuwa maji ya sukari. Ndio maana utakuta chupa za zamani zaidi zenye kitako kilichochongoka, hazisimami hata ufanyeje. Hizo zinafuata hati miliki ya William Hamilton ya 1809, na makusudi yake ilikuwa chupa ilale ubavu muda wote ili kizibo kiwe kimeloa.

Sasa ya Codd ndani ya mdomo ina ringi ya mpira. Inajazwa ikiwa kichwa chini, gololi inashuka mdomoni, gesi inaisukuma inang'ang'ania ule mpira na hapo hakitoki kitu. Kufungua unaididimiza gololi ndani kwa kidole au kijiti chake, pshaaa. Halafu tazama shingoni, kuna vijibonde viwili vimeingia ndani upande mmoja. Ukimimina huku vijibonde viko chini, gololi inatulia pale haikuzibii njia, ukimimina kwa upande wa pili inakurudia mdomoni na kijiwe kizima kinakucheka. Watoto wa Kiingereza walizivunja ili wapate gololi za kuchezea, ndio sababu majalalani nyingi hutoka zimekatika shingo. Na kumbuka Wajapani mpaka leo wanauza soda ya Ramune kwenye chupa za namna hii, India nazo zipo, kwa hiyo ukiletewa moja safi inang'aa usikimbilie kusema ni ya enzi za Codd mwenyewe.

SWALI (Kayole, Nairobi): Niaje. Mimi ni wa mjengo, tukichimba msingi huku tao chupa zinatoka mob. Nitajuaje hii ni ya kitambo na hii ni ya juzi bila kusumbua watu wa makumbusho?

JIBU: Poa sana. Hapa tutakaa kidogo, maana hili likikuingia mengine yote yanakuwa mepesi.

Shika chupa kwenye mwanga wa jua, tafuta ubavuni mstari mwembamba wa mshono, ule unaoachwa na kalibu ya vipande viwili, yaani umbo la kuumbia kioo. Ufuate na ukucha kuanzia begani kwenda juu. Ukipita shingo, ukapanda mdomo na kuvuka ukingo wenyewe kabisa, hiyo ni ya mashine. Michael Owens wa Toledo, Ohio, ndiye aliyefanikiwa kuunda mashine ya kutengeneza chupa yenyewe mwaka 1903, na viwanda vikawa vinahamia huko polepole. Lakini mshono ukiishia shingoni, chini ya mdomo, basi mwili ulipulizwa na mtu kwa pumzi zake ndani ya kalibu na mdomo ukamaliziwa kwa mkono. Ukizidi kutazama utaona mdomo umekaa upande kidogo, au kuna tone la kioo limechuruzikia shingoni likagandia hapo hapo. Mimi tone hilo nalipenda kuliko maandishi yote yaliyo kwenye chupa, fundi alikuwa na haraka, foleni ya chupa inamsubiri, na pembeni yake mtoto wa kiume anabeba zilizo tayari zikiwa bado za moto, maana viwanda vya vioo vya Marekani na Ulaya viliajiri watoto bila aibu na mashine ya Owens ni moja ya vitu vilivyowapunguza.

Ila ukucha siyo msahafu. Viwanda vidogo viliendelea kupuliza kwa mdomo miaka mingi baada ya mashine kuja. Chupa nyingi za mvinyo na shampeni zilizungushwa ndani ya kalibu zikiwa bado laini, mshono ukafutika wote, ukikosa mshono tafuta vimistari hafifu vinavyoizunguka chupa nzima. Kitakoni nako kuna mtego. Ukikuta kovu la katikati linalokwaruza kidole, hapo palishikwa na fimbo ya chuma wakati fundi anamalizia mdomo, na kwa chupa za kawaida njia hiyo ilikuwa inaachwa kuanzia miaka ya 1860. Lakini mashine ya Owens nayo inaacha duara jembamba kitakoni, mara nyingi limekwenda pembeni siyo katikati, na madalali wanaliuza duara hilo kama ushahidi wa ukale.

Tarehe iliyoandikwa kwenye kioo ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mitungi ya kuhifadhia vyakula ya John Mason imeandikwa Novemba 30, 1858, na watu wanaibusu wakidhani ni mwaka wa kutengenezwa, kumbe ni tarehe ya hati miliki tu, mitungi yenye maandishi hayo iliendelea kutoka viwandani miongo mingi baadaye. Chupa ya Coca-Cola yenye kiuno vilevile, tarehe ya Novemba 16, 1915 ni ya hati ya ubunifu wake. Kinyume chake kuna maandishi yanayosaidia kweli: chupa ya pombe kali ya Marekani yenye onyo kwamba sheria ya serikali inakataza kuiuza au kuitumia tena ni ya kati ya 1935 na 1964, ndio miaka ambayo onyo hilo lilikuwa la lazima.

Na povu, yaani vile vidoa vya hewa ndani ya kioo, achana navyo. Hata glasi za bei chee za leo zinavyo.

SWALI (Korogwe): Mheshimiwa, kijana wangu kaokota chupa nene ya kijani nyeusi kwenye shamba la zamani la mkonge, chini ina namba na alama kama nyota. Kuna bwana amekuja anasema hiyo ni alama ya Mjerumani, namba zinaonyesha hatua za kwenda kwenye mali, tumpe laki tatu alete kipimo. Naomba jibu haraka.

JIBU: Jibu haraka ni msimpe hata mia.

Namba za kitakoni ni za kalibu. Kiwanda kimoja kilikuwa na kalibu nyingi, chupa zikitoka na kasoro inajulikana zimetoka kalibu ipi, basi, ndio kazi yake. Nyota, nanga, herufi mbili mbili, hizo ni alama za kiwanda. Chupa moja ilitengenezwa pamoja na nyingine maelfu zenye namba ileile, sasa kama ni ramani basi Mjerumani alizika mali maelfu ya mahali, angepata wapi muda wa kupigana vita?

Tunaelewa uvumi unakotoka. Kweli wakati wa Vita vya Kwanza, mwaka 1916, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora kwenye karakana ya reli, zina picha ya tembo, dhahabu yenyewe ya machimbo ya Sekenke, na sarafu hizo leo zinatafutwa na wakusanyaji duniani. Hiyo ni historia. Ila kutoka hapo mpaka chupa ya bia ya Korogwe kuwa ufunguo wa hazina, katikati pamejaa matapeli watupu, wa kipimo, wa zebaki, wa ubani na kuku mweusi. Chupa nene nyeusi ukiimulika na tochi utaona ni kijani kilichokoza, iliwekwa bia au mvinyo, na ya mraba inayopungua upana kwenda chini iliwekwa jini, walizifanya mraba ili zijae vizuri kwenye kreti za mbao. Mpe kijana pongezi, chupa aiweke dirishani, na huyo bwana akirudi mwambieni mwenyekiti wa kijiji anataka kumwona.

SWALI (Kihonda, Morogoro): Habari za kazi. Kwenye video naona Wazungu wanafukua shimo moja wanatoa chupa kibao, zima kabisa. Mimi nimezunguka madampo ya huku ni nailoni na pampasi tu. Za kwetu ziko wapi?

JIBU: Ndugu yangu umeuliza jambo. Uingereza ilipitisha sheria kubwa ya afya ya umma mwaka 1875, halmashauri zikabeba jukumu la kuzoa taka, zikawa zinamwagwa sehemu moja, kwenye machimbo yaliyoachwa, mabondeni, na za London zilisafirishwa kwa majahazi ya mto Thames hadi kwenye tope za Essex na Kent. Wakati huo kila nyumba inapika na kuota moto wa makaa ya mawe, kwa hiyo sehemu kubwa ya taka ni majivu. Jivu ni laini, limezikumbatia chupa hazikugongana, na miaka mia na zaidi baadaye zinatoka zima, za wino, za sosi, za dawa ya kikohozi, zimeandikwa jina la duka na mtaa.

Kwetu nani alitupa chupa? Ikishaisha kilichomo ndipo inaanza kazi. Mafuta ya taa, mafuta ya nazi, samli, asali, dawa ya mzee, na dukani chupa ilikuwa ndiyo kipimo chenyewe, unatumwa na chupa yako ukajaziwe. Ikichoka sana inakuwa kibatari. Ikivunjika vipande vinapandwa juu ya ukuta wa fensi kuzuia wezi. Jalala lilipata mabaki ya mabaki.

Kwa hiyo chupa za zamani hapa tafuta palipokuwa zinaingia kwa kasi kuliko watu walivyoweza kuzitumia tena, na hiyo ni kambi ya jeshi, kambi ya reli, klabu ya wakoloni, hospitali, misheni, nyumba ya meneja wa shamba. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 ikafika ziwani 1901, ya Usambara ilianzia Tanga 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alipoingiza Tanga miche 62 ya mkonge iliyonusurika safari kutoka Florida, na yakaja mashamba na mameneja wenye kiu. Kenya Breweries yenyewe ilianzishwa 1922, kabla ya hapo bia ya chupa iliyonywewa kwenye kambi za ile reli ya Mombasa ilivuka bahari.

Mahali panapojulikana zaidi pengine ni Taita, njia ya Voi kwenda Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea mpaka wa Wajerumani, kambi zikawa Maktau na Mbuyuni, na tarehe 12 Februari 1916 wakapigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Mpaka leo vichakani kuna vipande vya chupa, makopo ya nyama yenye kutu na maganda ya risasi. Ukiviona vipande vya chupa ya soda porini namna ile usisahau kwamba palipokuwa hapana reli wala barabara mizigo ya majeshi yale, risasi, unga, hadi vinywaji vya maofisa, ilibebwa na wapagazi, babu zetu, na walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Halafu tafadhali, pale usichimbe. Siyo sheria tu, risasi na mabomu ya zamani hayajui kama vita vimekwisha.

SWALI (Mkomani, Lamu): Kwani ni makosa mtu kuchimba kwao? Kiwanja ni changu na hati ninayo.

JIBU: Kuchimba choo au msingi siyo makosa. Kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu vya kale ndiyo habari nyingine. Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo chupa ya kizungu iliyoshushwa Lamu mwaka 1880 imo, na uchunguzi wa kuchimba unahitaji leseni. Tanzania Bara sheria ya mambo ya kale ya 1964 mstari wake ni mwaka 1863, na kuchimba ni kwa kibali vilevile, Zanzibar wana sheria yao. Na wewe uko mji mkongwe ulioandikwa urithi wa dunia tangu 2001, hapo usianze hata na kijiko. Ukikutana na kitu wakati unajenga, kiache kilipo, piga picha, wapigie makumbusho. Wakija watakuuliza kilikuwa kina gani na kilikuwa pamoja na nini, na ukishakihamisha hilo huwezi kulijibu.

SWALI (Leicester, Uingereza): Mambo. Jamaa wa kazini wananialika wikiendi tukachimbe chupa kwenye jalala la enzi za Malkia Victoria, wanasema ni raha kama uvuvi. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Niende?

JIBU: Mke mpe salamu. Nenda, lakini uliza kwanza mwenye shamba karuhusu? Siyo "huwa hasemi kitu", karuhusu. Bila hivyo mnaingia ardhi ya mtu mnaiba mali yake, na kama eneo liko kwenye orodha ya maeneo ya kale yanayolindwa kitaifa, sheria ya Uingereza ya 1979 itawashika hata mwenye shamba akikubali. Mkiamua kwenda kingo za Thames, London, hapo kibali cha mamlaka ya bandari kinatakiwa kwa kila anayetafuta, hata wa kuokota juu juu, na foleni yake ni ndefu.

Pili angalia shimo. Hili ndilo linaloua. Jivu na taka za zamani hazishikani, wachimbaji wakiona tabaka zuri la chupa wanaanza kulifuata kwa chini, wanachimba pango, juu yao limebaki dari la udongo mita mbili. Mita moja ya ujazo ya udongo ni kama tani moja na nusu, ukiwa umeloa zaidi, na ukishakufunika hadi kifuani huna pumzi ya kupiga kelele. Kuna watu wamekufa hivyo huko huko Uingereza. Kwa hiyo shimo lisizidi kiuno kama kuta hazijakatwa kwa mteremko au kushikizwa mbao, usiingie pangoni hata wakikuita mwoga, usichimbe peke yako. Chanjo ya pepopunda iwe hai, vaa glavu nene na buti, jivu likitimka vaa barakoa maana asbesto nayo ilitupwa humo. Chupa yenye kizibo na kimiminika ndani usifungue. Wala usinuse!

Na mkimaliza fukieni shimo, ng'ombe wa watu wanavunjika miguu.

SWALI (Bronx, New York): Kuna ufukwe Brooklyn nasikia umejaa chupa za zamani za kuokota bure, hata kuchimba hakuna. Ni kweli?

JIBU: Ni Dead Horse Bay. Zamani palikuwa na viwanda vya kuchakata mizoga ya farasi wa jiji, baadaye pakawa jalala, likafunikwa miaka ya 1950, kifuniko kikapasuka na maji yakawa yanamwaga chupa ufukweni kila yakipwa. Watu walizoea kweli kwenda kuokota ingawa pale ni hifadhi ya taifa na kuchukua hakuruhusiwi. Mwaka 2020 wenye hifadhi wakapafunga sehemu kubwa baada ya kukuta kwenye taka vitu vyenye radiamu, madini yanayotoa mionzi. Usiende. Na kwa ujumla huko Marekani ardhi ya serikali kuu na ya Wahindi Wekundu inalindwa na sheria yao wenyewe, nayo ya 1979, kitu cha kiakiolojia kikizidi miaka 100 usikiguse. Wachimbaji wa huko wengi wanafukua mashimo ya vyoo vya nyumba za zamani za watu binafsi, kwa ruhusa, choo kilikuwa ndilo jalala la nyumba na pia mahali pa kuficha chupa ya pombe mke asiione.

SWALI (Kisauni, Mombasa): Asalaam alaykum. Mamangu ana chupa ya buluu iliyokoza, pembe sita, ina mistari mistari ya kukwaruza na maandishi NOT TO BE TAKEN. Aliachiwa na nyanyake. Anatilia asali na habbat soda.

JIBU: Waalaykum salaam. Asali hiyo imwagwe leo, dada, kwa adabu lakini leo. Hiyo ni chupa ya sumu ya Kiingereza, maandishi yanakataza kumeza. Buluu na pembe na mikwaruzo viliwekwa ili mtu akiamka usiku kutafuta dawa kwa mshumaa, mkono umwambie hii siyo yenyewe hata kabla ya macho. Ilikuwa na nini hasa hatuwezi kujua, inaweza kuwa kitu cha kufulia, inaweza kuwa cha panya. Pengine imeshaoshwa mara elfu na mama amekuwa akila miaka yote bila shida, lakini asali ina mitungi mingi ya kukaa. Chupa yenyewe ni nzuri mno, iwekwe juu, mbali na watoto.

Wala usidhani za dawa zilikuwa salama kuliko za sumu. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, chupa ndogo nyembamba ambayo wachimbaji wanaikuta mara kwa mara Marekani na Uingereza, ilikuwa dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno, na ndani yake mlikuwa na mofini, dawa kali itokanayo na afyuni. Mtoto alitulia kweli, wengine hawakuamka. Mpaka sheria ya vyakula na dawa ya 1906 ilipolazimisha Marekani waandike kilichomo. Au zile chupa za kunyonyeshea za Kiingereza zenye mrija mrefu wa mpira, mtoto ananyonya mwenyewe mama akiendelea na kazi, mrija hausafishiki ndani, wakaja kuziita chupa za mauaji. Wakusanyaji wanazitafuta sana hizo, mimi nyumbani kwangu sizitaki.

SWALI (Mbeya): Chupa niliyookota imetoka na rangi za upinde wa mvua na ukungu ndani, nimesugua kwa mchanga haitoki. Nifanyeje?

JIBU: Acha mchanga! Unaikwaruza. Loweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida na sabuni ya vyombo, maji yasiwe ya moto maana kioo cha zamani kikishtuka kinapasuka, ndani tia mchele na maji kidogo utikise taratibu. Kutu inalainika kwa siki au ndimu. Ila upinde wa mvua na ule ukungu siyo uchafu, ni kioo chenyewe kimeliwa na unyevu wa ardhini, hautoki kwa sabuni yoyote. Wenye mashine wanazing'arisha kwa kuzizungusha na vipande vya shaba na unga wa kusagia, wengine tunaona ni kuharibu. Jua nalo, kama ni kioo cheupe cha kati ya miaka ya 1880 na Vita vya Kwanza huenda kina madini ya manganizi, kikikaa juani miaka kinageuka zambarau laini. Ukiona zambarau nzito kama juisi ya zabibu ujue kuna mtu kaipiga mionzi ili auze.

SWALI (Kahama, Mwanza, Eldoret, Temeke na wengine): Bei gani?

JIBU: Chupa nyingi za jalalani hazina bei ya maana, hata huko Uingereza wachimbaji wanarudishia nyingi shimoni. Zinazouzika ni zile adimu, za rangi isiyo ya kawaida, zenye jina la duka au mji, na zisizo na ufa. Ya gololi ya rangi ya maji ni ya kawaida, ileile ikiwa ya buluu ya kobalti ni kitu kingine kabisa. Kidonda kidogo mdomoni kinaishusha sana. Halafu inayojulikana ilitoka wapi ina thamani kuliko yatima, kwa hiyo andika mahali, kina na tarehe kwenye kikaratasi ukitie ndani ya chupa.

Mkitaka tuwasaidie kuitambua tumeni picha nne mchana, ya mdomo, ya kitako, ya mbele na ya nyuma, na pembeni wekeni sarafu ili tuone ukubwa. Picha ya chupa imeshikwa na mtoto gizani haitusaidii jamani.

SWALI (Singida): Nyie mnanunua?

JIBU: Hatununui, na hatuna mtu wetu anayenunua. Akikupigia mtu anasema katumwa na gazeti, anataka hela ya "kufungulia soko", kata simu.